KALAMU YA BABU: JINSI YA KUFUFUA NIBU ILIYOKAUKA

  Mimi si mwandishi mkubwa. Ni mwanafunzi tu wa Kidato cha Tatu, mmoja wa wale ambao kila asubuhi hushuka matatu hapa mjini Nakuru na kutimua mbio kabla lango la shule halijafungwa. Lakini wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mvunguni kweli kweli, chini ya kitanda cha babu yangu, na nilichokipata huko ndicho kilichonifanya nishike kalamu na kuwaandikia makala haya.

Somo letu ni jinsi ya kusafisha na kufufua nibu ya kalamu ya wino ya zamani. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Rafiki yangu niliyeketi naye darasani aliponiona na kalamu hiyo aliniambia, "Wewe, wachana na hiyo kitu, nunua biro ya shilingi 20." Ngojeni kwanza niwaeleze kwa nini biro haikutosha.

KISA CHENYEWE

Babu yangu, ambaye sisi nyumbani humwita Guka, anaishi Njoro, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka hapa mjini. Ana umri wa miaka 83. Alipokuwa kijana alikuwa karani katika shamba la mzungu. Mwaka wa 1964 mzungu huyo aliuza shamba akarudi kwao, kama walivyofanya walowezi wengi wa Bonde la Ufa miaka ile, na siku ya kuagana akampa Guka kalamu aliyokuwa akiitumia ofisini. Baadaye Guka akawa karani wa chama cha ushirika cha maziwa. Kila alfajiri wakulima walileta maziwa kwa mikebe, naye akapima na kuandika katika leja: jina, nambari ya mwanachama, uzito. Aliandika hivyo miaka nenda miaka rudi, na wazee wa kule wanaujua mwandiko wake kama wanavyojua sauti yake.

Likizo ya Aprili mwaka huu, Guka alitaka kuandika wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inakubali hata wosia wa mdomo, lakini huo una nguvu tu ikiwa mwenyewe atafariki kabla ya miezi 3 kupita tangu autamke. Guka aliposikia hayo alicheka akasema, "Mimi sina haraka hiyo." Basi akaamua kuandika. Wosia wa maandishi unaweza hata kupigwa chapa na mtu mwingine, mradi mwenyewe atie sahihi na wawepo mashahidi wasiopungua 2. Lakini Guka alitaka kila neno litoke mkononi mwake, na alikuwa na sababu. Alikusudia kumpa shangazi yangu sehemu ya shamba sawa na ndugu zake wa kiume, na alijua kwamba siku moja huenda mtu akasema, "Mzee aliandikiwa."

Taabu ni kwamba vidole vya Guka vimekakamaa kwa ugonjwa wa baridi yabisi. Tulimpa biro. Aliandika mistari 2 akachoka, na mwandiko ukawa kama nyayo za kuku kwenye matope. Baba mkubwa aliutazama, akatikisa kichwa. "Huu si mwandiko wa mzee," akasema. Hakusema kwa ubaya, lakini palikuwa kimya hapo ndani. Shangazi aliinuka akaenda jikoni.

Ndipo Guka akasema polepole, "Kama ningekuwa na ile kalamu yangu."

"Iko wapi, Guka?" nikauliza.

"Iko kwa sanduku, chini ya kitanda. Ilikufa kitambo."

Hivyo ndivyo nilivyoinama mvunguni. Niliitoa ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Ubavuni ilikuwa na jina Conway Stewart. Hiyo ni kampuni iliyoanzishwa London mwaka wa 1905, na kiwanda chake cha awali kilifungwa mwaka wa 1975. Nibu ilikuwa imefunikwa na ukoko mweusi kama sufuria iliyounguza uji. Nikamwomba Guka aniachie wiki moja.

KALAMU YA WINO HUFANYA KAZI VIPI?

Nikisema kalamu ya wino simaanishi biro. Katika biro kuna kigololi kidogo kinachobingirika na wino mzito kama gundi. Ili kigololi kibingirike vizuri, lazima ukandamize karatasi. Hiyo ndiyo sababu ukiandika insha ndefu kwa biro kidole huuma. Kalamu ya wino haihitaji kukandamizwa. Wino wake ni mwepesi kama maji, nayo ikigusa tu karatasi, wino hushuka wenyewe. Kwa mkono usio na nguvu, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Sasa tuzitazame sehemu zake. Nibu ni kile kibati chenye ncha. Katikati yake kuna mwanya mwembamba kuliko unywele, unaoanzia kwenye tundu dogo na kushuka hadi nchani, hivi kwamba nibu inagawanyika kuwa meno mawili. Chini ya nibu kuna kipande cheusi chenye mifereji. Mimi nakiita ulimi. Sehemu unayoshika kwa vidole ni shingo. Ndani ya kiwiliwili kuna kifuko cha mpira cha kuhifadhia wino, na ubavuni kuna kijiti cha chuma: ukikiinua kinakibana kifuko, ukikiachilia kifuko kinanyonya wino kutoka kwenye kidau.

Je, ni nini kinachoushusha wino? Mwalimu wetu wa Fizikia alinikumbusha somo la kapilari. Umewahi kuona mafuta ya taa yakipanda utambi wa koroboi bila kusukumwa na mtu? Ni jambo lilo hilo. Kioevu hupenda kufuata njia nyembamba. Wino hufuata mfereji wa ulimi, ukaingia katika mwanya wa nibu, ukafika kwenye karatasi. Na wakati wino unashuka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ni kama kopo la maziwa: ukitoboa tundu moja maziwa yanagoma, ukitoboa la pili yanatiririka.

Sasa fikiria wino umekauka ndani ya mifereji hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Njia zote zimezibwa. Kumbe kalamu "ilikufa" kwa maana hiyo tu! Haikuvunjika. Ilizibwa koo.

Jambo jingine la kufahamu ni madini ya nibu yenyewe. Juu ya nibu ya Guka, baada ya kufuta kidogo, nilisoma nambari 14. Hiyo ni karati. Dhahabu safi ni karati 24, kwa hiyo 14 gawanya kwa 24 ni asilimia 58.3. Sehemu inayobaki ni metali nyingine zilizochanganywa ili iwe ngumu. Dhahabu haishiki kutu, na ndiyo maana iliweza kulala kwenye sanduku miaka yote hiyo bila kuliwa na wino. Ila dhahabu ni laini na huchakaa. Kwa hivyo nchani kabisa waliunganisha punje ndogo ya metali ngumu zaidi. Punje hiyo ndiyo inayogusa karatasi. Ikianguka, hata uisafishe vipi, nibu haitaandika vizuri tena.

MAMBO YA KUEPUKA

Kabla sijawaambia cha kufanya, afadhali niwaambie kisichofaa, kwa sababu ushauri niliopewa na watu ulikuwa mwingi na karibu wote ungeiua kalamu.

(a) Msasa. Fundi mmoja mjini aliitazama kalamu akasema angeipiga msasa ing'ae. Nilimshukuru nikaondoka mbio. Ule weusi ni wino mkavu uliogandamana juu ya dhahabu, haukuwa kutu. Msasa ungekwangua dhahabu yenyewe na kuila ile punje ya nchani.

(b) Maji moto. Shingo na ulimi wa kalamu nyingi za zamani ni mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, unaoitwa eboniti. Maji moto huugeuza rangi ukawa wa kahawia, na hata kuupinda.

(c) Spiriti na Jik. Spiriti huweza kuyeyusha plastiki za zamani. Jik hushambulia metali.

(d) Kulowesha kalamu nzima. Ndani ya kiwiliwili mna kipande cha chuma ambacho kitashika kutu. Tena, kalamu nyingine za zamani za Uingereza zilitengenezwa kwa kasini, plastiki inayotokana na maziwa. Kasini ikilowa hufura na kupasuka. Guka aliposikia hayo alifurahi sana. "Kumbe hata kalamu ni ya maziwa!" Yake sikujua ni ya aina gani, basi sikuthubutu kuilowesha.

(e) Kuinua kile kijiti cha ubavuni. Kifuko cha mpira kikizeeka hukauka kama ganda la yai. Ukikibana kitavunjika vipande vipande.

(f) Pini na sindano. Hili nitalieleza baadaye kwa aibu.

VIFAA

Utahitaji vitu hivi: glasi fupi, maji ya mvua, tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa zamani, kitambaa cha pamba, karatasi ya shashi, kipande cha nailoni nyembamba inayofanya kelele, kama ile ya pakiti ya biskuti, karatasi ya kaki ya kufunikia vitabu, lenzi (mimi niliomba ruhusa ya kutumia moja ya maabara), na subira. Hiyo ya mwisho haiuzwi dukani.

Kwa nini maji ya mvua? Sisi wa Nakuru tunajua jambo hili kuliko watu wengine. Maji mengi tunayotumia hutoka kwenye visima virefu, nayo hupita katika miamba ya volkano kabla ya kutufikia. Hapo hubeba chumvi za aina nyingi, ikiwemo floraidi inayowafanya baadhi yetu kuwa na meno ya kahawia. Tazama ndani ya birika la chai nyumbani uone ule ukoko mweupe. Sasa tone la maji kama hayo likikauka ndani ya mwanya mwembamba kuliko unywele, si litaacha chumvi humo humo? Utakuwa umetoa uchafu mmoja na kuingiza mwingine. Na usidhani kuchemsha kutasaidia. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Bahati nzuri ilikuwa Aprili, mvua zilikuwa zimeanza, nami nikateka chupa 2 kutoka kwenye tangi la Guka nikarudi nazo mjini.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: Tazama. Chukua lenzi uikague nibu kwenye mwanga wa jua. Je, ina ufa? Punje ya nchani ipo? Meno mawili yako sawa? Chora picha yake daftarini ili ujue ilivyokuwa kabla ya kuishika.

Hatua ya pili: Lowesha. Tia maji ya mvua kwenye glasi, kiasi cha kufunika nibu na sehemu ya shingo tu. Simamisha kalamu humo nibu ikiwa chini. Weka shashi kwenye sakafu ya glasi ili ncha isigonge. Badilisha maji asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni ukirudi.

Mimi siku ya kwanza niliona uzi mwembamba wa buluu ukishuka kutoka kwenye nibu kama moshi unaoenda chini badala ya juu. Nilikaa nikiutazama hadi chakula kikapoa. Wino huo Guka aliutia kabla hata mama yangu hajaolewa, na ulikuwa bado buluu.

Hatua ya tatu: Sabuni. Maji yakianza kuwa meupe, tia tone moja la sabuni katika glasi ya maji, uloweshe kwa saa 1. Kisha pitisha mswaki laini juu ya nibu ukielekea nchani. Usirudi nyuma, maana nywele za mswaki zinaweza kuingia kwenye mwanya na kuinua jino. Baada ya hapo suuza kwa maji safi mara 3 au 4.

Hatua ya nne: Safisha mwanya. Kata nailoni iwe utepe mwembamba. Uingize taratibu kwenye tundu, uuvute kuelekea nchani. Ukikwama, usilazimishe. Rudisha kalamu majini usiku mmoja zaidi.

Hatua ya tano: Kausha. Gusisha nibu kwenye shashi, nayo itanyonya maji. Ukiona doa la buluu, bado wino umo. Rudi hatua ya pili. Ukiona maji matupu, ilaze kwenye kitambaa hadi asubuhi.

Hatua ya sita: Linganisha meno. Shika lenzi, itazame ncha kutoka mbele. Meno yanapaswa kuwa sambamba kama wanafunzi kwenye paredi. Jino likiwa limeinuka, lisukume chini kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo sana, kisha tazama tena. Dhahabu ina tabia ya kurudi ilikokuwa, kwa hiyo utarudia mara nyingi. Afadhali mara 20 za kusukuma kidogo kuliko mara 1 ya kusukuma sana.

Hatua ya saba: Lainisha. Ikiwa nibu bado inakwaruza, ichovye kwenye wino uandike nambari 8 kwenye karatasi ya kaki mara 10, bila kukandamiza. Karatasi hiyo ina ukali mdogo unaosaidia. Ukizidisha utakula ile punje.

Kuhusu wino, tumia wino wa kalamu ya wino tu. Usitumie wino wa mihuri wala wino wa kuchorea ramani, maana baadhi yake una gundi, nao ukikauka humo ndani hautatoka kwa maji.

KOSA LANGU

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya yote niliyowaandikia kuhusu subira niliyasoma na kuambiwa mapema, lakini siku ya tatu nilichoka. Maji yalikuwa bado ya buluu, Jumamosi inakaribia, na kichwani nilikuwa namwona shangazi akiinuka kwenda jikoni. Nikachukua pini. Nikaiingiza kwenye mwanya nikasukuma. Kitu kikatoa sauti ndogo, "tik." Nilipoangalia kwa lenzi, jino la kushoto lilikuwa limeinuka juu ya mwenzake.

Wasomaji wapendwa, sikulala usiku huo. Nilifikiri jinsi nitakavyomwambia Guka kwamba kalamu aliyoitunza tangu 1964 nimeiharibu mimi kwa siku 3. Nilitaka hata kusema kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Lakini nilikuwa nimeichora daftarini siku ya kwanza, na katika ile picha meno yalikuwa sawa. Daftari langu lilinishtaki mwenyewe.

Nilimpigia simu kesho yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ulisukuma?"

"Ndiyo, Guka."

"Maziwa hayakamwi kwa ngumi, mjukuu wangu. Iache majini. Wewe nenda shule."

Hakusema zaidi ya hapo. Niliiacha majini siku 3 nyingine. Ijumaa jioni maji yalitoka meupe, utepe wa nailoni ukapita bila kukwama, nikaanza kulisukuma lile jino kwa ukucha. Nilihesabu: nilisukuma na kutazama mara 34. Mara ya 34 meno yakakaa sawa. Nilipoichovya nikaandika jina langu nyuma ya daftari la Hisabati, ilikwaruza kidogo upande wa kushoto. Nambari 8 kwenye kaki zikaumaliza ule mkwaruzo.

KIFUKO JE?

Kuna atakayeuliza: umesafisha nibu, lakini kile kifuko cha mpira kilichokauka umekifanyaje? Sikukifanya chochote. Kubadilisha kifuko ni kazi ya fundi aliyebobea, na vifuko vyenyewe sikuvipata hapa Nakuru. Lakini kalamu yenye nibu safi na ulimi safi huandika hata bila kifuko, ukiichovya kwenye kidau.

Na hilo si jambo geni kwa Kiswahili. Neno kalamu tulilipata kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilipata kutoka Kigiriki, na maana yake ya asili ni tete. Waandishi wa Lamu na Pate walichonga kalamu za matete, wakachovya kwenye kidau na kuandika tenzi kwa hati za Kiarabu. Hata huku bara, ukipata dawati la zamani shuleni utaona tundu la duara upande wa juu. Wengi hulitupia maganda ya njugu. Hapo ndipo kidau cha wino kilipowekwa enzi za wazee wetu.

SIKU YA KUANDIKA

Jumamosi nilipanda matatu hadi Njoro nikiwa nimeishika kalamu ndani ya kikebe, kama mtu aliyebeba yai. Guka aliketi mezani karibu na dirisha. Shosho akamletea kidau. Jirani mmoja na mzee wa kanisa walikuwa wameitwa kuwa mashahidi, nao si warithi.

Guka aliichovya, akaigusisha kwenye ukingo wa kidau mara 1 ili tone lidondoke, jambo ambalo mimi sikulijua wala sikufundishwa na mtu. Akaanza kuandika. Hakukandamiza. Mkono ulitetemeka bado, sitawadanganya, lakini herufi zilikuja: "K" yenye mkia, "g" iliyofungwa chini, nambari 7 yenye kikongojo katikati, zile zile zilizo kwenye leja za maziwa. Kila alipochovya aliandika mistari 4 hivi, akapumzika, akachovya tena. Nasikia chovya chovya humaliza buyu la asali; siku ile ilimaliza ukurasa mmoja na nusu. Ilichukua karibu saa 2. Jina la shangazi aliliandika kamili, majina yote 3, kama alivyoyaandika ya baba zangu.

Akatia sahihi, na mashahidi wakatia zao. Baba mkubwa aliichukua ile karatasi, akaivuta karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akairudisha mezani.

"Huu ndio mwandiko wa mzee," akasema.

Shangazi alikuwa jikoni. Sijui kama alisikia, lakini chai ya siku hiyo ilikuwa na maziwa matupu.

Kalamu sikupewa, na wala sikuiomba. Ilirudi kwa Guka. Aliniambia tu kwamba kila mwezi niende kuiosha kwa maji ya mvua, na pini niiache nyumbani.

MSAMIATI

Nibu: kibati chenye ncha cha kalamu ya wino.
Kidau: chombo kidogo cha kutilia wino.
Koroboi: taa ya kopo yenye utambi.
Baridi yabisi: ugonjwa wa kuuma na kukakamaa kwa viungo.
Wosia: maagizo ya mtu kuhusu mali yake atakapofariki.
Leja: kitabu cha hesabu.

MASWALI

1. Kwa nini biro humchosha mtu mwenye vidole vilivyokakamaa kuliko kalamu ya wino?
2. Eleza jinsi koroboi na kalamu ya wino zinavyofanana.
3. Nibu ya karati 18 ina asilimia ngapi ya dhahabu?
4. Taja mambo 3 yanayoweza kuiharibu kalamu ya zamani, na utoe sababu ya kila moja.
5. Waulize wazee wa kwenu walikuwa wakiandika kwa nini walipokuwa shuleni. Chungulia pia mvunguni, lakini uombe ruhusa kwanza.

Kufikia hapo naweka kalamu chini. Nikijaliwa, tutakutana tena katika toleo la mwakani nikiwa Kidato cha Nne. Kwaherini.